Mkupuo wa kwanza ndio unaokula mtaji

WENYE mitaji midogo wanapoonyeshwa bidhaa mpya huuliza maswali mawili. La kwanza ni kama bidhaa inafanya kazi, na hapo mwenye mradi hutoa sampuli, akaiwasha mezani, ikafanya kazi. La pili ni kiwanda kitatoa vipande vingapi kwa mwezi, na hapo hutolewa karatasi yenye makadirio ya miaka mitano. Swali la tatu, ambalo lingewaokoa wengi, huwa haliulizwi: vipande mia mbili vya kwanza vitaundwa wapi, na nani, kwa fedha ya nani?

Kati ya sampuli moja iliyoundwa kwa mkono na kiwanda kinachotoa maelfu kuna kipindi ambacho bidhaa huundwa kwa makumi, kwa mamia, pengine kwa elfu chache. Ni kipindi cha gharama kubwa na mapato madogo. Gharama ya kuunda kipande kimoja huwa juu ya bei ambayo soko litakubali kulipa, makosa hujitokeza kila wiki, wauzaji wa vifaa hawana haraka na mteja anayenunua kidogo, na benki haioni dhamana ya kushika. Kampuni ikifia hapa husemwa kwamba imekosa soko, ingawa mara nyingine soko lenyewe halikuwahi kuulizwa.

Kwa mwenye hisa, au kwa mfanyabiashara anayetoa malipo ya awali ili awe wakala wa bidhaa, hapa ndipo fedha inapookolewa au kupotea.

Kompyuta ya pauni 22

Mfano ulio wazi kuliko mingi ni wa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, iliyobuniwa Cambridge, Uingereza. Ni bodi moja yenye ukubwa wa kadi ya benki, iliyokusudiwa kuwafundisha vijana kuandika programu. Katikati ya Juni 2024 kampuni inayoitengeneza iliingia katika Soko la Hisa la London kwa bei ya peni 280 kwa hisa, ikathaminiwa kwa zaidi ya pauni milioni 540, na siku ya kwanza ya biashara bei ikapanda kwa zaidi ya theluthi moja. Wakati huo kompyuta zaidi ya milioni 60 zilikuwa zimekwisha kuuzwa.

Waliosoma habari za hisa hizo waliona mwisho wa safari. Yenye manufaa zaidi kwa mwekezaji ni miezi minane iliyoanzia Agosti 2011, wakati mradi haukuwa na kitu ila bodi chache na ahadi ya bei ambayo wengi waliiona haiwezekani: dola 35 za Marekani kwa kompyuta nzima.

Wazo lilianza mwaka 2006. Agosti 2011 ziliundwa bodi 50 za majaribio ya awali. Bodi hizo zilifanya kazi zote zilizokusudiwa, lakini kwa umbo zilikuwa kubwa kuliko bidhaa ya mwisho. Ukubwa huo ulikuwa wa makusudi. Mafundi walihitaji nafasi ya kuchomeka vyombo vya kupimia ili wajue umeme unapita wapi na unakwama wapi. Kwa hiyo hata bodi hizo 50 hazikuwa bidhaa, ila chombo cha kutafutia makosa. Mwekezaji aliyeonyeshwa moja akaambiwa "hii ndiyo tutakayouza" angekuwa amedanganywa, ingawa ilikuwa ikifanya kazi mbele ya macho yake.

Wiki ya kwanza ya Desemba 2011 ndipo ilipofika hatua inayostahili kutazamwa kwa karibu. Zilichapwa bodi tupu 100, zenye mpangilio uleule ambao ungetumika kiwandani. Kati ya hizo, 25 tu ndizo zilizotiwa vifaa na kupimwa. Nyingine 75 zilibaki tupu. Mfanyabiashara mwenye haraka angejaza zote mia, kwa kuwa mashine ilikwisha kupangwa na bodi zilikwisha kulipiwa. Lakini bodi tupu ni kitu cha bei ndogo. Gharama iko katika prosesa, kumbukumbu na soketi zinazobandikwa juu yake.

Katika bodi hizo 25 lilipatikana kosa moja la mchoro: baadhi ya miguu ya prosesa haikuwa imeunganishwa na umeme kama ilivyotakiwa. Kosa likasahihishwa kwenye mchoro kabla ya kiwanda kuanza. Laiti lingegunduliwa baada ya bodi 10,000 kuundwa, kila moja ingehitaji kuguswa na fundi au kutupwa, na wakfu mdogo uliokuwa ukiendesha mradi ungemalizwa na kosa hilo moja.

Bodi kumi za mkupuo huo zilipigwa mnada kwenye intaneti mwanzoni mwa Januari 2012. Kwa bei ya rejareja zote kumi zingeleta pauni 220. Mnada ulileta zaidi ya pauni 16,000, na bodi yenye namba 01 peke yake ikaenda kwa pauni 3,500. Ni fedha nzuri kwa mradi mchanga, lakini mwekezaji asiichukue kuwa kipimo cha soko. Bei ya kumbukumbu ni ya mpenda kumbukumbu. Bei ya soko hujulikana pale mtu asiyemjua mbunifu anapotoa fedha yake kwa sababu anakihitaji kitu.

Ushuru uliopeleka kazi China

Mkupuo wa kwanza wa kuuzwa ulikuwa bodi 10,000. Waendesha mradi walipenda ziundwe Uingereza. Zikaundwa China na Taiwan, kwa sababu mbili ambazo mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo au Industrial Area atazielewa mara moja.

Ya kwanza ilikuwa muda. Viwanda vya China viliahidi wiki nne, vya Uingereza wiki kumi na mbili. Ya pili ilikuwa ushuru. Aliyeingiza vifaa Uingereza ili aunganishe kompyuta alitozwa ushuru wa vifaa hivyo, lakini aliyeingiza kompyuta iliyokwisha kuunganishwa hakutozwa. Sheria yenyewe ilikuwa inamlipa mtu asiunganishe nyumbani.

Mtego wa namna hiyo haupo Ulaya peke yake. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2005, uliwekwa kwa ngazi za asilimia 0 kwa malighafi, 10 kwa bidhaa zilizokamilika nusu na 25 kwa bidhaa kamili. Julai 2022 ikaongezwa ngazi ya asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa. Kwenye karatasi mpangilio huo unampendelea anayeunganisha hapa. Lakini kompyuta huingia kwa asilimia 0, na anayetaka kuunda kifaa chake cha elektroniki huagiza vitu vingi mbalimbali, kila kimoja na kifungu chake cha forodha: skrubu, waya, sanduku la plastiki, betri, soketi. Baadhi huangukia ngazi za juu. Kiwanda kikubwa kina mtu wa kushughulikia misamaha na kina shehena za makontena. Anayeagiza vifaa vya vipande 200 ana vifurushi kumi na vitano kutoka kwa wauzaji kumi na watano, na kila kifurushi kina ada ya wakala wa forodha, ambayo haipungui kwa sababu mzigo ni mdogo.

Kwa hiyo anayesoma makadirio ya mradi wa kuunganisha bidhaa asitosheke na mstari mmoja ulioandikwa "ushuru na usafirishaji". Aombe orodha ya vifaa, na kila kimoja kifungu chake. Mwenye mradi asiye na orodha hiyo hajafika mahali pa kuchukua fedha ya mtu.

Soketi zisizo zake

Raspberry Pi ilitangazwa kuuzwa tarehe 29 Februari 2012. Siku hiyo wakfu ulieleza pia kwamba haki ya kuunda na kusambaza imetolewa kwa leseni kwa makampuni mawili makubwa ya vifaa vya elektroniki, RS Components na Premier Farnell. RS peke yake ilipata maombi zaidi ya 100,000 siku ya kwanza. Bodi zilizokuwepo zilikuwa sehemu ya kumi ya maombi hayo, nazo hazikuwa zimefika.

Hatua ile ya leseni ndiyo iliyomtofautisha mbunifu mwenye akili ya biashara na mbunifu mwenye kipaji tu. Kama wakfu ungeendelea kuunda kwa mtaji wake, ungeuza 10,000, ukasubiri fedha, ukaagiza 10,000 nyingine, na hivyo hivyo, huku wateja wakichoka na waigaji wakijipanga. Walipokubali kupata ada ndogo kwa kila bodi, mzigo wa kufunga fedha kwenye vifaa na akiba ya ghalani ulihamia kwa makampuni yenye mifuko mirefu.

Hata hivyo, mkupuo wa kwanza uliwatoa jasho. Mapema Machi 2012 iligunduliwa kwamba kiwanda kilikuwa kimebandika soketi za waya wa mtandao zisizo sahihi. Soketi iliyotakiwa ina koili ndogo za sumaku ndani yake. Zilizobandikwa hazikuwa nazo. Kwa macho zilifanana, na kwenye bodi zilikaa vizuri. Lakini mtandao haukufanya kazi. Ikabidi soketi zing'olewe na nyingine kubandikwa, na kiwanda kikalazimika kutafuta soketi sahihi za kutosha.

Kosa hilo halikuwa la mchoro. Mchoro ulikwisha kusafishwa Desemba. Lilikuwa kosa la ununuzi, na makosa ya aina hiyo hayaonekani kwenye sampuli hata siku moja, kwa sababu sampuli hutiwa vifaa na mbunifu mwenyewe, anayejua kila kimoja kimetoka wapi. Hujitokeza kazi inapokwenda kwa watu wengine, ambao hutafuta kifaa kinachofanana chenye bei nafuu zaidi au kinachopatikana mapema zaidi.

Kisha mwishoni mwa Machi likaja la hati. Wasambazaji walikataa kuzitoa bodi bila alama ya CE, inayothibitisha kwamba kifaa kimetimiza masharti ya Ulaya, yakiwemo ya kutoingilia mawimbi ya redio. Wakfu ulikuwa umeamini kwamba bodi isiyo na sanduku si bidhaa kamili, hivyo haikuhitaji alama hiyo kwa wakati ule. Bodi zilikuwa zimefika, wateja walikuwa wamelipia, na mzigo ukakaa. Vipimo vikafanywa mapema Aprili, bodi zikafaulu bila mabadiliko, na tarehe 16 Aprili wanunuzi wa kwanza wakaanza kupata kompyuta zao.

Msomaji na afikirie kama zingeshindwa. Kubadilisha bodi ili isitoe mawimbi ni kuchora upya, kuchapa upya na kupima upya. Katika nchi zetu alama ni za TBS, KEBS au UNBS, na masharti hutofautiana kwa bidhaa, lakini kanuni ya fedha ni ileile: kipimo kinachofanywa kwa vipande vitatu kabla ya mkupuo ni gharama, kinachofanywa baada ya mkupuo ni kamari.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Kufikia tarehe 22 Mei 2012 zilikuwa zimetumwa bodi zaidi ya 20,000. Katikati ya Julai zilikuwa zikiundwa 4,000 kwa siku. Septemba 6 ikatangazwa kwamba bodi zitaundwa Uingereza baada ya yote, katika kiwanda cha Sony huko Pencoed, Wales, kwa makadirio ya 30,000 kwa mwezi na ajira mpya 30. Kazi iliyoshindikana kufanyika nyumbani kwa bodi 10,000 iliwezekana idadi ilipokuwa kubwa na mpangilio ulipokwisha kutulia.

Hesabu ya kalibu

Kwa nini vipande vichache ni ghali? Jibu rahisi kulishika liko kwenye sanduku la plastiki. Kiwanda hutengeneza masanduku kwa kalibu ya chuma, ambamo plastiki iliyoyeyuka husukumwa, ikapoa, ikatolewa. Chukua kwa ajili ya hesabu tu kwamba kalibu ni shilingi milioni 30 na plastiki ya sanduku moja ni shilingi 1,500. Kwa masanduku 50,000, kalibu inaongeza shilingi 600 kwa kila moja. Kwa masanduku 200, inaongeza shilingi 150,000. Sanduku limekuwa ghali kuliko kilichomo ndani.

Njia ya katikati ipo. Fundi hutengeneza kalibu laini ya mpira wa silikoni kutokana na sampuli moja, kisha humimina plastiki ya maji inayoganda yenyewe. Kalibu ya namna hiyo huchoka baada ya masanduku ishirini hivi. Tuseme kila moja ni shilingi 600,000 na kila sanduku linalomiminwa linagharimu shilingi 25,000. Kwa masanduku 200 zinatakiwa kalibu kumi, shilingi milioni 6, na kazi ya kumimina milioni 5. Jumla milioni 11, yaani shilingi 55,000 kwa sanduku, dhidi ya 151,500 kwa njia ya chuma. Njia mbili hizo zinakutana karibu na masanduku 560. Chini ya hapo mpira ni nafuu, juu ya hapo chuma.

Tofauti kubwa zaidi haimo kwenye hesabu hiyo. Kalibu ya mpira ikigundulika kuwa na kosa hutupwa, ikatengenezwa nyingine kwa siku chache. Kalibu ya chuma huchukua wiki nyingi, na ikishakatwa kuna marekebisho yanayowezekana na mengine hayawezekani: fundi anaweza kukwangua chuma zaidi, lakini kukirudishia chuma kilichokwanguliwa ni kazi ngumu. Mwenye mradi anayejivunia kwamba "tayari tumelipia kalibu ya chuma" huku vipande vyake havijawahi kukaa mikononi mwa wateja hamsini, anajivunia jambo linalopaswa kumtia hofu mwenye hisa.

Kwenye vifaa vya elektroniki hali ni hiyohiyo. Vizuizi vidogo vya umeme huuzwa vikiwa vimefungwa kwenye reli za vipande 5,000, kwa kuwa ndivyo mashine ya kubandikia inavyovila. Bodi inayohitaji vinane, kwa mkupuo wa 200, itatumia 1,600. Vinavyobaki ni fedha iliyolala, na mchoro ukibadilika ni fedha iliyokufa. Vizuizi hivyo ni vya bei ndogo. Lakini orodha ya vifaa yenye aina themanini ina mabaki themanini, na kupanga mashine kwa bodi 200 huchukua muda uleule wa kuipanga kwa bodi 20,000.

Magari matano, kisha magari hamsini

Kenya ina visa viwili vinavyoonyesha ubaya wa kuruka hatua hii na ugumu wa kuivuka.

Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Yakaundwa magari matano, yakaitwa Nyayo Pioneer, na mwaka 1990 yakaonyeshwa hadharani. Yalikwenda, tena yalifikia kasi ya kilomita 120 kwa saa. Likaanzishwa Shirika la Magari la Nyayo likiwa na mpango wa viwanda kumi na kimoja vya kuyazalisha kwa wingi. Fedha haikupatikana, na magari hayakupita yale matano. Shirika likabadilika hatimaye kuwa Numerical Machining Complex, linalochonga na kusubu vipuri.

Lawama ya kawaida ni kwamba serikali haikutoa fedha. Ni kweli, lakini haitoshi. Mpango ulitaka kuruka kutoka magari matano hadi viwanda kumi na kimoja. Katikati hapakuwa na mkupuo wa magari hamsini ya kukabidhiwa polisi, hospitali na wakulima, yarudi yamevunjika, ijulikane ni nini kinavunjika na kinagharimu kiasi gani. Bila hesabu hiyo hakuna mkopeshaji angeweza kujua gari litauzwa kwa faida au kwa hasara. Hazina ikaombwa kutia mamilioni kwenye swali ambalo lingejibiwa kwa sehemu ndogo ya fedha hizo.

Kisa cha pili ni cha Mobius Motors, kampuni iliyoanzishwa Kenya na Mwingereza Joel Jackson ili kuunda gari gumu la barabara mbovu. Hii haikuruka. Sampuli yake ya kwanza ilikuwa ya mabomba ya chuma yaliyochomelewa. Gari la kwanza la kuuzwa, Mobius II, lilitolewa kwa mkupuo mdogo wa magari kama 50, kwa bei ya shilingi za Kenya 950,000, bila vikorombwezo. Wateja wakasema waliyosema, kampuni ikachora upya, na toleo lililofuata likawa bora zaidi na ghali zaidi, kuanzia shilingi milioni 1.3.

Hapo ndipo ugumu wenyewe. Mshindani wa Mobius hakuwa gari jipya lingine. Alikuwa gari la mtumba kutoka Japani, lenye umri usiozidi miaka minane kama sheria ya Kenya inavyotaka, ambalo gharama za kalibu zake zililipwa zamani na mamilioni ya wanunuzi wengine. Kampuni inayounda magari kwa makumi na mamia hugawa gharama zake zote kwa makumi na mamia hayo. Agosti 2024 Mobius ilitangaza kufunga shughuli kwa sababu ya madeni na kodi. Katika mwezi huohuo ikajitokeza kampuni ya Mashariki ya Kati, Silver Box, kuinunua.

Mobius ilifanya sawa hatua ya katikati, ikakwama ilipobaki humo miaka kumi. Mkupuo mdogo ni daraja, na daraja lina ada kila siku unapokaa juu yake. Kwa mwenye hisa hilo lina maana ya tarehe. Makadirio yanayosema "tutaanza na vipande vichache" bila kusema ni lini na kwa idadi ipi uchache utakoma, yanamwomba alipe ada hiyo bila kikomo.

Nafasi ya mfanyabiashara

Kwa wafanyabiashara, kipindi hiki kina fedha pia. Taasisi kama TEMDO na CAMARTEC za Arusha, zilizoanzishwa mwaka 1980 na 1981, kazi yake ni kubuni na kuunda mitambo ya mfano: ya shambani, ya kusindika vyakula, ya nishati. Anayeweza kuagiza ishirini za kwanza kwa pamoja, akazigawa kwa wateja anaowajua, akarudi na orodha ya yaliyovunjika, anauza kitu ambacho fundi hana na benki haina. Anastahili kukidai malipo yake mapema, kwa mfano haki ya uwakala wa mkoa au bei maalumu kwa mkupuo utakaofuata, na kukiandika katika mkataba kabla hajatoa shilingi.

Masoko ya hisa nayo yamefungua mlango kwa kampuni changa. Dar es Salaam na Nairobi zilianzisha mwaka 2013 madirisha ya kampuni ndogo zinazokua, yenye masharti mepesi kuliko soko kuu. Wepesi huo unamhamishia msomaji wa waraka wa matarajio kazi ya uchunguzi. Katika waraka wa kampuni inayounda kitu, ukurasa wa kwanza kuutafuta si wa picha za sampuli. Ni ule unaosema vipande vingapi vimekwisha kutoka mikononi mwa kampuni, vingapi vimerudi na kwa kasoro gani. Vipande 12 vilivyorudi kati ya 200 ni asilimia 6. Kwa 10,000 kasoro hiyohiyo ni vipande 600. Kampuni yenye daftari la kasoro hizo, namba kwa namba, na tarehe ambayo mchoro ulibadilishwa kwa ajili ya kila moja, imefanya kazi yake. Ile inayosema hakuna kilichorudi, ama haijauza kitu ama haina daftari.

Kwa anayeagiza China, desturi iliyozoeleka ni kulipa asilimia 30 mwanzoni na 70 kabla mzigo haujapakiwa melini. Katika mkupuo wa kwanza ile 70 ndiyo silaha pekee ya mnunuzi, kwa hiyo isitolewe kwa kuonyeshwa picha. Mkaguzi wa kujitegemea afungue maboksi ya katikati ya mzigo, kwa kuwa yaliyo mbele hupangwa na anayejua yatafunguliwa, na vipande viwashwe, vichomekwe waya, vipimwe kila soketi. Mkataba utaje kila kifaa kwa namba ya mtengenezaji wake na ukataze kubadilisha bila idhini ya maandishi. Na useme kalibu ni mali ya nani. Kalibu iliyolipiwa na mnunuzi lakini ikaandikwa kwa jina la kiwanda haiwezi kuhamishwa siku kiwanda kitakapopandisha bei.